Saa Sahihi Hutoka kwa Nani?

Katika jiji la London paliishi ukoo mmoja uliopata riziki yake kwa kuuza saa. Sisemi saa za mkononi wala za ukutani. Nasema wakati wenyewe. Mwaka 1836 John Henry Belville, aliyekuwa mfanyakazi katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Greenwich, alianza kuwapelekea wateja wa mjini saa iliyo sahihi. Alikuwa na saa ya mfukoni iliyoundwa na fundi mashuhuri John Arnold. Aliilinganisha na saa kuu ya kituo, kisha akazunguka nayo madukani, na mafundi saa walimlipa ada ili waitazame tu na kurekebisha za kwao. Alipofariki mwaka 1856 mjane wake, Maria, aliishika kazi hiyo, na baada yake binti yao Ruth. Bibi huyu aliizungusha saa ile ile mpaka mwaka 1940, umri wake ukiwa umekwisha kupita miaka themanini.

Nimeanza na ukoo huu kwa sababu unatufundisha jambo tunalolisahau kila siku. Saa haijui wakati. Saa ni chombo kinachohesabu tu, na kila chombo kinachohesabu hukosea kidogo kidogo, hata kikiwa cha thamani namna gani. Ili saa yangu iwe sahihi, hapana budi iulize saa nyingine iliyo bora zaidi, na hiyo nayo iulize nyingine. Basi historia ya saa sahihi si historia ya mafundi peke yao. Ni historia ya wachukuzi pia: nani aliuchukua wakati kutoka kwa wenye kuujua na kuuleta mlangoni kwa watu wa kawaida, na kwa bei gani.

Waliokuwa na haja kubwa ya kwanza walikuwa mabaharia. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Nahodha anayejua saa ya bandari aliyotoka, akalinganisha na jua lililo juu ya kichwa chake, anajua amekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Lakini saa yake ikikosea dakika moja, karibu na ikweta amekosea kilomita zipatazo 28. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilivunjika katika miamba ya visiwa vya Scilly, mabaharia wake wakiwa hawajui hasa walipo, na zaidi ya watu elfu moja wakafa. Mwaka 1714 Bunge la nchi hiyo liliahidi zawadi iliyofikia pauni 20,000 kwa atakayelitatua tatizo la kujua longitudo baharini. Aliyelitatua kwa saa ni John Harrison, mtu aliyeanza maisha kama seremala. Saa yake ya nne, katika safari ya kwenda Jamaica mwaka 1761 na 1762, ilipotea sekunde zipatazo 5 tu.

Tangu hapo wachukuzi wa wakati waliongezeka. Mwaka 1833 Greenwich waliweka tufe juu ya mnara, nalo lilianguka kila siku saa saba kamili mchana ili meli zilizotia nanga mtoni zirekebishe saa zao. Mwaka 1852 wakaanza kuipeleka saa kwa nyaya za simu ya maandishi. Mwaka 1910 mnara wa Eiffel huko Paris ulianza kutangaza saa kwa mawimbi ya redio, na mwaka 1924 BBC ikaanza kutoa ile milio sita ambayo wengi wetu wa rika langu tuliijua kabla hatujakijua Kiingereza chenyewe.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, wakati ulikuja kwa njia hiyo. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na aliyeigonga alitazama saa ya ukutani, na saa ya ukutani ilirekebishwa kwa redio. Nilizoea kuwaambia wanachuo kwamba kutoka ringi ile hadi Greenwich pana ngazi tatu tu. Kila ngazi iliongeza kosa lake: redio kosa dogo lisilohisika, saa ya ukutani nusu dakika kwa juma, mgonga kengele dakika mbili akiwa na usingizi. Wanachuo walicheka, lakini hesabu hiyo ndiyo msingi wa yote nitakayoyaeleza hapa chini.

Tena sisi Waswahili tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapotua, si kuanzia usiku wa manane. Saa moja yetu ni saa ya kwanza ya mchana au ya kwanza ya usiku. Kwa watu wanaokaa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima, hesabu hiyo ni ya busara kabisa. Lakini hata saa yetu hii si ya jua tena. Mstari unaotupa saa tatu mbele ya Greenwich ni wa nyuzi 45 mashariki, nao hauipiti Tanzania mahali popote. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo jua lake liko nyuma ya saa ya serikali kwa dakika zipatazo 23, na la Kigoma kwa zaidi ya saa nzima. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa ikitumia saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Watu walikubaliana hivyo, kisha wakakubaliana vingine. Saa ya taifa ni mapatano.

Mapatano makubwa zaidi yalikuja baada ya kuzaliwa kwangu. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry, katika maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, Uingereza, waliendesha saa ya atomu za sesiamu iliyofanya kazi ya kutegemewa. Mwaka 1967 mataifa yakakubaliana kwamba sekunde si sehemu ya siku tena, bali ni muda wa mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu. Kuanzia siku hiyo dunia yenyewe, mama wa saa zote, ikawa chombo kinachokaguliwa na chombo kingine. Na kwa kuwa dunia haizunguki kwa mwendo usiobadilika, tangu mwaka 1972 imebidi mara kwa mara kuongeza sekunde moja katika saa ya ulimwengu ili isiachane na jua. Sekunde ya mwisho kuongezwa hivyo ilikuwa ya mwishoni mwa Desemba 2016, na mwaka 2022 mataifa yaliazimia kuuacha mtindo huo ifikapo mwaka 2035.

Sasa tufike kwenye setilaiti. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, wataalamu wawili wa Marekani, William Guier na George Weiffenbach, waligundua kwamba kwa kusikiliza jinsi mlio wake unavyopanda na kushuka waliweza kujua iko wapi. Mwenzao Frank McClure akaligeuza swali: ikiwa tunajua setilaiti iko wapi, je, hatuwezi kujua sisi tuko wapi? Katika maabara ya jeshi la majini, Roger Easton alishika njia ya kubeba saa angani, na setilaiti ya kwanza ya mpango wake ilirushwa mwaka 1967. Fikra hizo na nyingine zikaungana kuwa mpango wa GPS, uliokubaliwa mwaka 1973. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mpango ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995, ukiwa na setilaiti 24.

Watu wengi huidhani GPS kuwa ramani. Kwa hakika ni kundi la saa. Kila setilaiti hubeba saa za atomu na huzunguka kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, ikitangaza bila kukoma: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa yangu ni hii. Kipokezi chako hupima tangazo hilo limechukua muda gani kufika, na kwa kuwa nuru hukimbia mita 300 katika mikrosekunde moja, muda hugeuzwa kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kukuambia ulipo kama saa ya kipokezi ingekuwa sahihi. Lakini saa ya kipokezi ni ya bei rahisi, haiaminiki. Ndiyo maana huhitajika ya nne: mambo manne hayajulikani, nayo ni upande huu, upande ule, kimo, na kosa la saa. Kwa hiyo kipokezi hakiwezi kukwambia ulipo pasipo kwanza kuirekebisha saa yake. Usahihi wa saa si ziada ya kazi hiyo. Ni nusu ya kazi yenyewe.

Hata Einstein yumo. Saa iliyo juu, mbali na uzito wa dunia, hukimbia kidogo; saa inayokwenda kasi huchelewa kidogo. Ukijumlisha mambo hayo mawili, saa ya setilaiti ingetangulia za duniani kwa mikrosekunde 38 kila siku. Kidogo mno, utasema. Zidisha kwa mita 300 uone: ni zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Kwa hiyo mwendo wa saa hizo hupunguzwa kabla hazijarushwa.

Mali hii ilikuwa ya jeshi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini iliyopotea njia ilitunguliwa na ndege ya kivita ya Urusi ya Kisovieti, na watu wote 269 wakafa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kwamba GPS itakapokuwa tayari itatumiwa na raia wa dunia nzima bila malipo. Hata hivyo, jeshi liliendelea kwa miaka mingi kuyachafua makusudi mawimbi ya raia, mpaka Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru jambo hilo likome. Tangu usiku huo, mtu yeyote mwenye kipokezi cha bei ndogo amekuwa na haki ya saa ya atomu dirishani pake.

Kijana mmoja aliyepita chuoni kwetu, ambaye sasa hufundisha kompyuta, ameitumia haki hiyo nyumbani kwake, na alinieleza kwa subira mpaka nikaelewa. Kwake umeme hukatika, na intaneti hupatikana kifurushi kikiwepo. Ana kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, aina iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2012, ambazo nyingi zake hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Umeme ukirudi, kompyuta huamka ikidhani ni siku nyingine kabisa. Alinunua kipokezi kidogo cha ukubwa wa kiberiti, cha namna inayowekwa katika vyombo vya magari na vindege visivyo na rubani. Antena aliitoa nje, kwa sababu mawimbi ya setilaiti ni hafifu na bati halipitishi. Ameifunika kwa kopo la plastiki ili isinyeshewe.

Kipokezi hicho hutoa habari kwa njia mbili, na hapa ndipo penye akili. Njia ya kwanza ni maandishi: kila sekunde hutuma mistari inayosema tarehe, saa na mahali. Lakini maandishi huchukua muda kusomwa. Mstari mmoja unaweza kufika herufi 82, na kwa mwendo wa kale wa biti 4,800 kwa sekunde utakwisha baada ya sehemu moja ya sita ya sekunde. Tena siku moja hutoka mapema, nyingine huchelewa. Njia ya pili ni pigo la umeme, moja kila sekunde, linaloanza pale hasa sekunde inapoanza. Ni kama ilivyokuwa chuoni: mwalimu wa zamu husema "sasa ni saa mbili", lakini inayoanzisha kipindi ni kengele. Maneno hueleza ni sekunde gani. Pigo hueleza ni lini. Katika vipokezi vya bei rahisi pigo hilo mara nyingi halikutolewa nje kwa waya. Huwasha kijitaa tu ili mtu ajue kipokezi kimezikamata setilaiti. Kijana wangu alishika lehemu, akaunganisha uzi mwembamba wa shaba pale kwenye kijitaa, akauleta kwenye kompyuta. Kwa uzi huo, saa ya kompyuta yake haiachani na ya angani kwa zaidi ya mikrosekunde chache.

Kompyuta hiyo sasa ndiyo inayovigawia saa vyombo vingine vya nyumba ile, kwa kanuni ziitwazo NTP. Aliyezibuni ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliyefariki Januari 2024 akiwa na miaka 85. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni kwa maradhi ya presha ya macho, na uzeeni aliupoteza uoni kabisa, lakini kompyuta za dunia nzima hutazama saa kwa njia aliyoionyesha yeye. Maelezo ya kwanza ya NTP yalichapishwa mwaka 1985. Kazi yake naweza kuieleza kwa mfano. Namtuma mtoto kwa jirani akaulize saa. Anaondoka saa yangu ikiwa mbili kamili, anarudi ikiwa mbili na dakika 10, na jirani amemjibu papo hapo kwamba kwake ni mbili na dakika 7. Nikidhani kwenda na kurudi ni sawa, mtoto alikuwa kwa jirani saa yangu ilipokuwa mbili na dakika 5. Basi saa yangu iko nyuma kwa dakika 2. Lakini kama kwenda kuna mlima na kurudi ni mteremko, nimekosea, na sina njia ya kulijua kosa hilo kwa kumtuma mtoto yule yule. Ndiyo sababu saa iletwayo na mtandao wa simu huyumba kwa sehemu za elfu za sekunde na zaidi, na ndiyo sababu jirani wa karibu mwenye saa njema ni bora kuliko mwenye saa njema aliye mbali.

Mtu atauliza: mikrosekunde za nini katika nyumba ya watu wanaolala saa nne? Swali ni la haki. Nyumbani hakuna azihitajiye. Kinachohitajika ni vyombo vyote vikubaliane, na mtu ajue vimekubaliana na nani. Katika mtaa ninaokaa, mlinzi kijana alishukiwa kuiba pampu ya maji. Kamera ya nyumba moja ilimwonyesha akitoka langoni, na kamera ya nyumba ya pili ilimwonyesha mtu mwingine asiyejulikana akipita na mzigo. Kwa saa zilizoandikwa kwenye picha, ilionekana mlinzi alikuwa ndani mzigo ulipopita, na kwamba alimfungulia mwizi. Kijana alikuwa karibu kupelekwa polisi. Mzee mmoja wa mtaa akasema picha zote mbili zisikilizwe, si kutazamwa tu, maana zilikuwa na sauti. Katika zote mbili ilisikika adhana ya alfajiri ya msikiti ule ule. Walipolinganisha, saa za kamera hizo zilipishana dakika 41. Mlinzi alikuwa amekwisha kuondoka zamu mzigo ulipopita, na mwenzake wa zamu ya asubuhi hajafika. Adhana moja ilimwokoa, kwa kuwa ilisikiwa na wote wawili kwa wakati mmoja. Na hiyo ndiyo njia wataalamu wanayoitumia kulinganisha saa za maabara zilizo mbali: wote husikiliza setilaiti moja kwa wakati mmoja.

Basi si jambo la mchezo. Tumeanza kuzifanya kompyuta ziwe mashahidi, na shahidi asiyejua saa ni hatari kuliko asiyekuwepo.

Lakini ninayo tahadhari pia kwa wanaokiamini kipokezi kama Kurani au Biblia. Saa ya GPS yenyewe haiongezwi sekunde zile nilizozitaja; leo imetangulia saa ya ulimwengu kwa sekunde 18, na kipokezi kilichowashwa upya huenda kikangoja mpaka dakika 12 na nusu kabla ya kupata sahihisho hilo. Tena GPS huhesabu majuma kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na hesabu yake ya zamani hufika majuma 1,024 tu, kisha huanza sifuri. Ilianza upya Agosti 1999 na Aprili 2019. Baadhi ya vipokezi vikuukuu hutoa tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, huku sekunde zao zikiwa sahihi kabisa. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kongwe ilipoondolewa kazini, setilaiti kadhaa zilitangaza saa iliyokosea kwa mikrosekunde 13.7. Na mfumo wa Ulaya uitwao Galileo ulizimika kwa karibu juma zima Julai 2019.

Kwa sababu hiyo kijana wangu hakitegemei chanzo kimoja. Kipokezi chake husikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kifurushi kikiwepo kompyuta huuliza pia seva za mtandaoni. Chanzo kimoja kikisema kinyume cha vingine, hukitupilia mbali. Nilimwuliza kwa nini asumbuke hivyo. Akanijibu kwamba zawadi ni njema, lakini mwenye kuitoa anaweza kuichukua, kama alivyokuwa akiichafua zamani.

Jibu hilo lilinipendeza kuliko mtambo wenyewe. Bibi Ruth Belville aliwauzia watu wakati kwa ada ya mwaka, nao walimjua kwa jina na waliweza kumwuliza saa yake ameilinganisha lini. Leo tunapewa wakati bure, wala hatumjui atoaye. Simu hujiwekea saa, nasi twaamini. Sisemi tusiamini, bila kuaminiana hakuna saa, kama ambavyo hakuna fedha wala lugha. Nasema kwamba kijana wa Kitanzania, kwa kipokezi cha bei ndogo na uzi wa shaba, anaweza leo kuifuata saa yake ngazi kwa ngazi mpaka kwenye atomu, na kujua kila ngazi imeongeza kosa gani. Walimu wanaofundisha sayansi katika shule zetu wawafundishe watoto kukiunga kipokezi hicho. Watajifunza fizikia, hesabu na historia kwa siku moja, na zaidi ya hayo watajifunza kuuliza, kila wanapoambiwa jambo kwa uhakika, limetoka kwa nani na limepitia mikono mingapi.